Tenki la RO linajaa polepole na TDS imepanda baada ya kubadili filta. Kweli membreni imekufa?

#1 · Mtungi_wa_Dirishani

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya RO (ya kusafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando unaozuia chumvi) ya chini ya sinki, ya hatua tano: filta ya tope, mbili za mkaa, membreni (ndio utando wenyewe) ya lita 284 kwa siku (ile inayoandikwa 75 GPD, yaani galoni kwa siku), halafu filta ndogo ya mkaa ya mwisho. Haina pampu. Wiki mbili zilizopita fundi alikuja akabadili filta tatu za mbele. Tangu siku hiyo tenki lililokuwa likijaa kwa saa tatu linachukua saa saba. TDS (kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kwenye bomba la kunywea ilikuwa 14 hadi 18, sasa inasoma 52. Na mpira wa maji ya kutupwa haunyamazi, unatiririka mchana na usiku.

Fundi anasema membreni imekufa, ninunue nyingine. Ina miezi 14. Sikatai, ila kuna jambo haliniingii akilini: kitu kilichokuwa kizima asubuhi kinakufaje mchana wa siku ile ile iliyobadilishwa filta? Maji ya bombani kwangu ni TDS 410. Naombeni mawazo kabla sijanunua.

#2 · Ndoo_Tupu

Pole. Yangu ilianza hivyo hivyo, nikahangaika mwezi mzima nikibadili kila kitu isipokuwa membreni. Nilipoibadili maji yakarudi. Usizunguke mkuu, badilisha.

#3 · Maabara_Ndogo

Ndoo, haraka ya nini? Mleta uzi ametupa namba moja ya TDS, tena ya bomba la kunywea, yaani maji yaliyokwisha kuchanganyika tenkini. Namba hiyo haikuambii hali ya membreni.

Fanya hivi. Funga koki ya tenki. Chomoa mpira unaopeleka maji safi tenkini, uache umwage kwenye ndoo. Acha dakika 15 zipite, ndipo ukinge glasi na kupima. Pima na maji ya bombani siku hiyo hiyo. Chukua TDS ya bombani, toa ya maji safi, gawanya kwa ile ya bombani, zidisha kwa 100. Membreni mpya nzuri hukupa 95 hadi 98. Ikishuka karibu na 85, hapo fikiria kununua.

Sababu ya kumwaga maji ya mwanzo ni hii: mashine inaposimama, chumvi ya upande mchafu haisimami nayo. Inapenya utando taratibu kwenda upande safi. Mashine ikianza tena, kinachotoka kwanza ni maji hayo yaliyolala. Nimeona watu wakitupa membreni nzima kwa sababu ya glasi ile ya kwanza.

#4 · Fundi_Mirija

Nakazia #3. Naongeza upepo wa tenki. Tenki la RO lina mfuko wa mpira ndani, upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Upepo hupimwa tenki likiwa TUPU kabisa, bomba la kunywea limeachwa wazi mpaka tone la mwisho. Kipimo cha tairi kinatosha. Unatakiwa uone psi 5 hadi 8 (psi ni kipimo cha presha). Ukizidi, tenki linabeba maji machache. Ukipungua, maji yanabaki ndani na bomba linatoa uzi mwembamba. Ukibonyeza kijiti cha valvu ya upepo pakatoka maji, mfuko umepasuka na tenki ndiyo basi tena.

Asiye na kipimo anyanyue tenki pale maji yanapogoma. Likiwa zito, tatizo ni upepo au filta ya mwisho. Likiwa jepesi, maji hayafiki, tafuta huko nyuma.

#5 · Kisima_Kirefu

Mmesahau baridi. Membreni hupimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikishuka unapoteza karibu asilimia 3 ya maji. Maji ya nyuzi 15 yanakupunguzia karibu theluthi ya uzalishaji bila kitu chochote kuharibika. Kwangu kila baridi ikiingia nasikia nyumbani "mashine imekufa", na kila joto likirudi inafufuka.

#6 · Maabara_Ndogo

Kisima, kuhusu kiasi upo sahihi. Lakini baridi hupunguza pia chumvi inayopenya. Ingekuwa baridi peke yake, TDS ingeshuka kidogo au ingebaki pale pale, isingepanda mara tatu.

#7 · Mtungi_wa_Dirishani

Asanteni. Nimepima leo jioni:

Dakika ya kwanza: 96
Dakika ya 20: 31
Bombani: 410
Upepo wa tenki tupu: psi 7
Presha ya maji ya nyumbani: psi 38

Hali ya hewa haijabadilika, maji ni yale yale ya mwezi uliopita.

#8 · Maabara_Ndogo

(410 − 31) ÷ 410, unapata 92.4. Hiyo si maiti. Na ile 96 ya dakika ya kwanza ndiyo inayokuchafulia tenki. Mashine inayowaka na kuzima mara kwa mara hulijaza tenki maji ya dakika ya kwanza tu. Kwa hiyo swali langu limebadilika, nataka kujua kwa nini mashine haitulii.

#9 · Ndoo_Tupu

Mkuu Maabara, hesabu yako naikubali ila umeiangalia upande mmoja. Zamani alikuwa na 16 kati ya 410, yaani chumvi iliyopita ni asilimia 4. Sasa ni karibu 8. Utando unaoruhusu chumvi mara mbili ya zamani, tena kwa ghafla, una jeraha. Sisemi umekufa, nasema umeumia.

#10 · Maabara_Ndogo

Hoja nzuri, naichukua. Ila kumbuka zile 14 hadi 18 zilikuwa za tenkini, kwa hiyo chumvi iliyopita zamani ilikuwa hata chini ya hiyo 4. Inaipa hoja yako nguvu zaidi.

#11 · Bi_Tunu

Naomba niseme la kwangu, ni dogo ila lilinitesa siku tisa. Nilibadili filta mwenyewe, maji yakawa machozi. Nikafungua tena kopo moja moja. Filta ya tope ilikuwa bado imevaa nailoni yake nyembamba ya kiwandani! Ilibana vizuri mno, macho hayakuiona. Mdogo wangu Mtungi, fungua uhakikishe. Na ile ya mkaa angalia kama imekaa juu na chini sawasawa, maana ikikaa upande maji hupita pembeni bila kuchujwa.

#12 · Klorini_Adui

Mimi naenda moja kwa moja kwa mkaa. Kama fundi ameweka filta ya mkaa isiyo na ubora, klorini inapita na kuila membreni. Wiki mbili zinatosha. Membreni zote zinakufa kwa klorini.

#13 · Mzee_wa_Presha

Klorini_Adui, mwanangu, umesema mawili na yote yanahitaji kunyooshwa.

Kwanza si membreni zote. Utando wa kwanza wenye maana ulitengenezwa na watafiti Loeb na Sourirajan pale chuo kikuu cha UCLA, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukawa unatumia mtambo wa namna hiyo. Ule ulikuwa wa asetati ya selulosi. Jamii hiyo ya utando huvumilia klorini kiasi. Adui yake mkubwa ni bakteria, wanaula. Hizi tulizonazo wengi majumbani ni za tabaka jembamba la poliamidi (aina ya plastiki), kazi iliyotokana na mtafiti John Cadotte. Zinachuja vizuri zaidi kwa presha ndogo, lakini klorini inazivunja. Ndiyo maana mkaa hukaa mbele yake.

Pili, dalili. Poliamidi ikishambuliwa na klorini, kwa kawaida TDS inapanda na maji YANAONGEZEKA, kwa sababu utando umetoboka. Mtungi maji yake yamepungua. Na kasi: watengenezaji husema uharibifu huanza kuonekana baada ya saa 200 hadi 1000 za klorini ya miligramu 1 kwa lita. Wiki mbili ni saa 336, kwa hiyo haiwezekani kulifuta kabisa. Apime klorini ya maji yanayotoka kwenye mkaa kwa vile vikaratasi vya kubadilika rangi. Ikisoma sifuri, shauri limekwisha.

#14 · Klorini_Adui

Shikamoo mzee. Nimeelewa, na ile ya maji kuongezeka sikuijua. Ila sifuri ya leo haimaanishi sifuri ya wiki ijayo, na sehemu nyingine maji hutiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), ambayo mkaa wa kawaida huiondoa kwa shida.

#15 · Mzee_wa_Presha

Marahaba. Hilo la kloramini ni kweli, linataka mkaa maalumu na maji yapite taratibu.

Sasa Mtungi, rudi kwenye hiyo psi 38. Ulipima wapi, kabla ya filta au baada? Maana mashine isiyo na pampu inahitaji angalau 40 kufanya kazi kwa raha. Tenki likijaa nalo linasukuma kurudi. Valvu ya kujifunga, ile inayozima mashine tenki likijaa, hufunga maji yanayoingia presha ya tenki ikifika kama theluthi mbili ya presha inayoingia. Kwa 38 ni karibu 25. Ukitoa 25 katika 38 unabaki na 13. Toa tena kama 4 zinazoliwa na chumvi yenyewe, kwa kadirio la psi 1 kwa kila TDS 100. Zinabaki 9 za kusukuma maji! Kwa hiyo nusu ya mwisho ya tenki hujaa kwa kutambaa, na maji yanayotoka polepole hivyo huwa na chumvi zaidi, kwa sababu chumvi inapenya kwa kasi yake ile ile huku maji ya kuizimua yakiwa machache. Presha ndogo inakupa dalili zako zote tatu: kujaa taratibu, TDS juu, valvu isiyofunga.

#16 · Fundi_Mirija

Mzee hiyo ni nondo. Ila mimi bado namshuku yule mdogo kuliko wote, valvu ya njia moja. Inakaa kwenye kiwiko cha plastiki pale maji safi yanapotokea kwenye ganda la membreni. Ikichafuka au ikikwama wazi, maji ya tenki yanarudi nyuma kupitia membreni na kuishia kwenye mpira wa kutupwa. Presha ya tenki inashuka, valvu ya kujifunga inafunguka, mashine inawaka tena. Usiku kucha. Hapo ndipo zile 96 za Maabara zinapoingia tenkini mara kwa mara.

Kuipima ni dakika kumi. Acha tenki lijae. Funga koki ya maji yanayoingia kwenye mashine. Subiri presha iliyobaki itoke, kisha tazama mpira wa kutupwa. Ukiendelea kutiririka, valvu ya njia moja ndiyo mbaya, maana maji hayo yanatoka tenkini. Ukikauka, lakini ukifungua koki unaanza tena, ni valvu ya kujifunga.

#17 · Ndoo_Tupu

Kwa hiyo sasa tuna presha, valvu, nailoni, klorini na baridi. Membreni yangu mmeizika bila hata kuiombea.

#18 · Bi_Tunu

Hatujaizika Ndoo, iko kwenye foleni nyuma ya nailoni yangu.

#19 · Mtungi_wa_Dirishani

Nimefungua makopo. Nailoni haikuwepo, Bi Tunu. Ila nimegundua vitu viwili. Filta ya tope iliyowekwa ni ya maikroni 1 (ukubwa wa chembe inazozuia). Ile ya zamani ilikuwa ya maikroni 5. Na psi 38 ilikuwa kabla ya filta. Baada ya filta tatu ni 29.

Halafu nimekumbuka jambo ambalo sikuliandika pale juu, samahanini. Siku ile fundi aliichomoa membreni "kuiosha". Aliisugua kwa brashi chini ya bomba, akairudisha.

#20 · Maabara_Ndogo

Duh! Na hili umelikalia wiki nzima.

#21 · Fundi_Mirija

Kwa wote wanaosoma: membreni ya RO HAISUGULIWI. Utando umekunjwa ndani kama mkeka uliozungushwa mrija katikati, brashi haifiki unapochuja. Unachosugua ni ganda la nje. Unachoweza kufanya ni kuharibu mpira mkubwa mweusi wa pembeni na oringi (pete za mpira) mbili ndogo za kwenye mrija.

Hizo oringi mbili ndizo zinazotenga maji safi na machafu. Moja ikijikunja wakati wa kuirudisha, au ikikatwa hata kidogo, maji ghafi yanavuja kuingia kwenye safi. Tone la 410 likiingia kwenye maji ya 15, TDS inapanda palepale. Ndoo, jeraha lako lipo, lakini huenda ni la mpira wa thamani ndogo sana.

#22 · Mzee_wa_Presha

Kweli, ila tenganisha. Oringi iliyokatika hupandisha TDS, haipunguzi maji. Hata huyaongeza kidogo. Kwa hiyo yule wa saa saba bado ni presha: psi 9 zimebaki kwenye filta. Filta ya maikroni 1 si mbaya, ila kwa nyumba yenye 38 na maji yenye tope inabana mapema. Inawezekana una magonjwa mawili yaliyoingia siku moja kwa mlango mmoja.

#23 · Tone_Jeupe

Na ule mpira mkubwa mweusi je? Mimi niliurudisha vibaya, ukajikunja, maji yakawa yanapita nje ya membreni kwenda kutupwa. TDS haikupanda siku hiyo. Ila baada ya miezi membreni iliota ukoko wa chokaa kwa sababu maji hayakuwa yakiisafisha ndani.

Oringi zipakwe nini? Mimi hutumia mafuta ya kujipaka.

#24 · Maabara_Ndogo

Acha kabisa Tone. Mafuta yanayotokana na petroli kama hayo huvimbisha aina kadhaa za mpira na kuulegeza. Tumia grisi ya silikoni inayoruhusiwa kugusa maji ya kunywa, kiasi cha kung'arisha tu. Kausha kitako cha oringi kwanza, pitisha kidole, ukihisi mkato au ubapa weka mpya.

#25 · Jiko_Safi

Samahani naingilia. Kuna mtu aliniambia maji ya RO yananyonya madini mwilini na yana asidi. Ni kweli?

#26 · Mzee_wa_Presha

Asidi kidogo, ndiyo. Utando unazuia chumvi, lakini gesi ya kabonidayoksaidi inapita, na maji yaliyobaki hayana kitu cha kuituliza, kwa hiyo pH inashuka. Ndiyo maana hayapitishwi kwenye mabomba ya shaba. Kwa mtu, madini mengi hutoka kwenye chakula. Hata hivyo kalsiamu na magnesiamu ya maji si kitu cha kudharau, WHO imelijadili suala hilo kwa miaka. Ambaye ladha bapa inamkera aweke filta ya kalsaiti (mawe ya chokaa yanayorudisha madini) mwishoni. Akumbuke TDS yake itapanda baada ya hapo, asije akafungua uzi kama huu.

#27 · Kisima_Kirefu

Na TDS ndogo peke yake si cheti. Kipimo kile kinasoma umeme unavyopita majini, hakioni bakteria. Maji ya tenki hayana klorini tena, mkaa umeiondoa. Tenki lisilosafishwa mwaka mzima linaweza kusoma 10 na bado likawa na utelezi ndani.

#28 · Jiko_Safi

Hapo umenitisha. Linasafishwaje? Nitie klorini ya kufulia kwenye kopo la kwanza niache izunguke?

#29 · Klorini_Adui

SIMAMA. Toa membreni kwanza! Na filta zote. Weka membreni kwenye mfuko safi ikiwa na unyevu, isikauke. Funga makopo yakiwa matupu, na ganda la membreni likiwa tupu. Hapo ndipo unatia dawa kidogo, tenki linajaa, unaacha nusu saa, unamwaga mpaka harufu iishe. Ndipo membreni inarudi. Klorini iwe isiyo na manukato. Mimi nimehamia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, haiachi harufu.

#30 · Fundi_Mirija

Na mikono iwe safi, shika membreni kwa upande wa mpira mkubwa au kwa glavu. Baada ya kurudisha, mwaga tenki zima la kwanza, na kwa membreni mpya mwaga mawili, huja na dawa ya kuihifadhi. Filta mpya ya mkaa nayo isafishe kabla ya kuiunganisha na membreni. Yale maji meusi ya mwanzo ni vumbi la mkaa, yamwage kwenye ndoo yasiende kuziba utando.

#31 · Tone_Jeupe

Hii ndoo ya maji ya kutupwa inaniuma moyo. Ukimwaga manne kupata moja, si dhambi? Na hayo manne si sumu iliyokusanyika?

#32 · Maabara_Ndogo

Fanya hesabu. Ukiingiza sehemu tano za 410 na moja ikatoka karibu safi, chumvi yote imebaki kwenye nne. 410 mara 5 gawanya kwa 4, ni kama 512. Ni maji ya bombani yaliyokolea kwa robo. Fulia, piga deki, mwaga chooni. Kwa miche angalia tu, chumvi hukusanyika kwenye udongo wa chungu. Kama maji yako yana floridi au aseniki nyingi, nayo imekolea kwa kiasi hicho hicho, hayo usinywe.

#33 · Tone_Jeupe

Basi nikibane kile kibanio cha kwenye mpira wa kutupwa ili yapungue?

#34 · Mzee_wa_Presha

Hapana binti yangu. Yale maji ndiyo yanayoufagia utando. Ukiyabana, chokaa inaganda juu yake. Kibanio kinaendana na ukubwa wa membreni. Wengi hununua membreni kubwa zaidi ili wapate maji haraka, wanaacha kibanio cha zamani, na mwaka hauishi imeziba. Maji magumu sana yanataka mtambo wa kulainisha mbele. Pima kwa vikombe viwili: maji safi ya dakika moja, ya kutupwa ya dakika moja. Ukiona maji ya kutupwa yako chini ya tatu kwa moja ya safi kwa mashine isiyo na pampu, chunguza.

#35 · Kasri_la_Samaki

Nimesoma uzi wote. Mimi nafuga samaki, maji ya RO peke yake hayanitoshi, napitisha tena kwenye resini (punje zinazonasa chumvi iliyobaki) mpaka TDS 0 halafu narudisha madini ninayoyajua. Kuna aliyewahi kuyatumia kwenye betri la gari?

#36 · Fundi_Mirija

Betri linataka maji yaliyotoneshwa au yaliyopita resini. Ya 15 bado yana chumvi. Samaki wako na betri wanaweza kushirikiana pipa moja, kabla hujarudisha madini.

#37 · Mtungi_wa_Dirishani

Wakuu nimerudi na majibu. Nimeweka filta ya tope ya maikroni 5. Presha baada ya filta sasa ni 35. Nimechomoa membreni: oringi moja ndogo ilikuwa na mkato mwembamba kama wa kucha. Nimeweka mpya mbili na grisi ya silikoni. Klorini baada ya mkaa inasoma sifuri.

Dakika ya 20: 22
Tenki: saa nne na nusu
Bomba la kunywea: 33

Mpira wa kutupwa sasa unanyamaza tenki likijaa. Lakini baada ya kama dakika 40 unaanza tena wenyewe kwa dakika kadhaa, halafu unanyamaza. Hakuna aliyefungua maji.

#38 · Mzee_wa_Presha

Saba hadi nne na nusu ni presha hiyo. Ukipata pampu ndogo utarudi chini ya tatu.

#39 · Mtungi_wa_Dirishani

Lakini mzee, kabla ya siku ile sikuwa na pampu na nilikuwa kwenye saa tatu.

#40 · Fundi_Mirija

Kinachowasha mashine kila dakika 40 ni valvu yangu ya njia moja. Niliwaambia tangu #16. Hata hiyo 33 ya bomba la kunywea inatoka huko.

#41 · Bi_Tunu

Au bomba la kunywea linadondosha tone tone bila kuonekana. Weka kitambaa kikavu chini yake na kwenye kila kiungo. Mpira usiokatwa kwa kunyooka hauingii mpaka mwisho, unavuja kidogo kidogo.

#42 · Ndoo_Tupu

22 kati ya 410 ni 94.6. Zamani alikuwa juu ya 96. Oringi mpya, filta mpya, na bado haijarudi pale, wala maji hayajarudi saa tatu. Nasema kwa heshima: ile membreni ilisuguliwa, ikabanwa presha wiki mbili, haitakuwa ile ya zamani.

#43 · Maabara_Ndogo

Au haijatulia. Iache wiki moja ifanye kazi kwenye 35 kabla ya kuihukumu. Na Mtungi, kipimo chako kimesahihishwa lini? Tofauti ya 3 au 4 kwenye namba ndogo hivyo inaweza kuwa ya kipimo. Kuna maji ya kupimia ya 342, chovya uone inasoma ngapi.

#44 · Mtungi_wa_Dirishani

Sijawahi kukisahihisha. Nitatafuta.

Usiku huu tenki likijaa nafunga koki ya kuingia, nachomoa mpira wa kutupwa na kuuingiza kwenye kikombe kikavu, na kitambaa cha Bi Tunu nakitandika chini ya bomba. Kesho asubuhi naleta namba za kikombe, kitambaa, na vile vikombe viwili vya #34.

#45 · Fundi_Mirija

Kikombe kiwe kikubwa.